Wimbo Mmoja, Pumzi Mbili: Kuisikiliza Zampoña ya Andes

Kandokando ya Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, takriban mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, desturi haimpi mtu mmoja wimbo mzima wa zampoña. Ala hii, ambayo Waaimara, wenyeji wa eneo hilo, huiita “siku” kwa lugha yao, ni safu ya mianzi iliyofungwa pamoja, mirefu hadi mifupi, nayo huenda jozi: ira na arca. Kwa kawaida ira huwa na mianzi sita, arca saba, na noti zimegawanywa kwa kupishana. Aliyonayo mmoja, mwenzake hana. Ira huanza, arca hudakia, kwa wepesi hata msikilizaji asijue wimbo umekatikia wapi. Mkazie macho mpigaji mmoja tu: anapuliza, ananyamaza, anavuta pumzi huku mwenzake akipuliza.

Fizikia ya mwanzi wenyewe ni nyepesi. Umezibwa chini, hivyo wimbi la sauti huwa na urefu wa karibu mara nne ya urefu wa mwanzi, na mwanzi mrefu hutoa sauti nzito. Kinachosisimua hutokea jozi nyingi zinapopiga pamoja, maana mianzi ya noti moja hailingani sawasawa. Mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na mwingine 443, sikio husikia sauti ikivimba na kunywea mara 3 kila sekunde. Sikio lililolelewa na piano huita hiyo kasoro. Wapigaji wa huko huitafuta: wanataka sauti nene, iliyojaa, ambamo hakuna anayejitokeza juu ya wenzake.

Hapa falsafa ya leo ina la kusema, na ningependa tuanze na ile iliyozaliwa hukohuko. Silvia Rivera Cusicanqui, mwanasosholojia wa Bolivia, ameendeleza wazo la Kiaimara la ch'ixi: kijivu ambacho ukikisogelea unakuta ni madoa meusi na meupe yaliyokaa bega kwa bega bila kuchanganyika. Ndivyo ilivyo ira na arca. Wimbo ni mmoja, lakini nusu zake hazijayeyushwa. Karen Barad wa Marekani, aliyesomea fizikia kabla ya kuzama katika falsafa, naye anasema vitu havikamiliki kwanza kila kimoja peke yake ndipo vikutane. Huwa vilivyo kutokana na uhusiano wenyewe. Wazo lake linatusaidia kusikiliza vizuri zaidi, ila tusilifanye cheti cha kuwathibitisha Waaimara. Wao walikuwa na maarifa hayo vidoleni na mapafuni.

Kwa mtafiti, jambo hili linagusa hata mahali pa kuweka maikrofoni. Ukimrekodi fundi mmoja, hata awe hodari namna gani, utarudi na wimbo wenye mapengo. Jozi ndiyo kipimo cha chini kabisa, na kwa ule mvumo mnene utahitaji kikundi kizima.