Gemu inagoma kufunguka wakati wa kuinstoli? Pima mashine kabla hujachoma bando lingine

Sisi wa kitengo cha TEHAMA hapa chuoni hili tunaletewa kila likizo ikikaribia, mtu kashusha gemu la GB 60 kwa bando la usiku, anainstoli, inafika asilimia 80 halafu kinatokea kiboksi kimeandika ISDone.dll au Unarc.dll au CRC, basi anafuta kila kitu anaanza kushusha upya. Jamani, subirini kwanza.

Iko hivi, faili la gemu limebanwa sana, na wakati wa kulifungua kila kipande kinategemea kilichotangulia, kwa hiyo biti moja tu (sifuri au moja, kipande kidogo kabisa cha data) ikigeuka njiani hesabu inayotoka haikubaliani na ile iliyohifadhiwa ndani ya faili na installa inagoma. Hiyo biti inaweza kuharibikia kwenye intaneti, kwenye diski, kwenye RAM, hata kwenye prosesa. Ndo maana mashine inapiga mziki na kufungua Word fresh tu lakini hapa inaanguka.

Kipimo chake hakina gharama. Fungua Command Prompt kwenye folda lenye faili, andika certutil -hashfile gemu.bin SHA256 (weka jina la faili lako), itakuletea mstari mrefu wa herufi na namba, unakopi pembeni, unawasha kompyuta upya, unarudia. Mistari miwili ikitofautiana wakati faili lenyewe hujaligusa, mashine ndo inasoma vibaya, hata ukishusha mara kumi ni kazi bure. Ikifanana, linganisha na mstari wa SHA256 aliotoa mwenye gemu kama upo, usipolingana faili ndo bovu.

Mashine ikishukiwa anza na RAM. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) uzime XMP, ule mpangilio unaoikimbiza RAM kuliko kawaida, halafu acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku, ikitoa makosa chomoa vijiti vya RAM upime kimoja kimoja. Wenye Intel Core i7 na i9 za desktop za kizazi cha 13 na 14 sikilizeni, mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri hizo chipu zilikuwa zinapewa volteji kubwa kupita kiasi, na dalili moja ilikuwa hiihii ya magemu kugoma kufunguka, kwa hiyo apdeti BIOS, ila chipu iliyokwisha kuumia apdeti haiiponyi, idai kwenye waranti.

Nafasi pia muiangalie, gemu likifunguka linahitaji sehemu yake mbali na faili lililobanwa, na flashi au diski iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili la kufika GB 4, iformatiwe NTFS au exFAT.

Kuna wanaoambiwa wazime antivairasi. Tuseme ukweli, ISDone wengi mnakutana nayo kwenye magemu yaliyokrakiwa, na hapo siwezi kukwambia uzime kinga yako. Aliyenunua Steam, duka la magemu la mtandaoni, ana njia rahisi, kubonyeza Verify integrity of game files, inashusha vipande vilivyoharibika tu.