Nusu mtu, nusu samaki: uchoraji wa kinjozi na suala la uanamke

Ukipita kwenye vibanda vya wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay utakutana na chui wa samawati, macho kama taa za gari. Hakuna mteja anayeuliza chui huyo anapatikana mbuga gani. Picha imeshamwambia kwamba humu ndani sheria ni nyingine. Ruhusa hiyo ndiyo uchoraji wa kinjozi: kuchora kisichokuwepo, lakini kwa utulivu na undani ule ule ambao ungechorea kikombe cha chai kilicho mbele yako.

Dar es Salaam haikufundishwa jambo hili na Ulaya. George Lilanga (1934–2005) alijaza picha zake mashetani wenye masikio makubwa na matumbo yaliyochomoza, wanaocheza, wanaogombana, wanaobeba mizigo kama majirani wa mtaani. Sisemi Lilanga alikuwa akizungumzia jinsia. Ninachosema ni kwamba jicho letu limeshazoea mwili usiofuata kanuni, na ukishauzoea mwili wa namna hiyo, swali la pili haliko mbali: nani aliamua mwili wa mwanamke uweje?

Kiswahili kinatusaidia hapa. Jinsi ni maumbile, yaani ke au me. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyapachika juu yake: nani akae jikoni, nani acheke kwa sauti, nani afunge kanga vipi. Lugha yenyewe haina haraka ya kuuliza. "Amekuja" haikwambii kama aliyekuja ni Asha au Juma.

Kuna na neno kwia, la Kiingereza (queer), linalowajumuisha watu ambao mapenzi yao au jinsia yao haikai kwenye visanduku viwili vya kawaida. Lilikuwa tusi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wenyewe walipoliokota na kujiita hivyo kwa hiari. Neno letu shoga limekwenda njia ya kinyume: lilikuwa, na kwa wanawake wengi wa pwani bado ni, jina tamu la rafiki wa kike, kisha wengine wakaligeuza tusi la kumrushia mwanamume.

Sasa kwa nini njozi? Kwa sababu picha ya kawaida inamlazimisha mchoraji achague: mwanamke au mwanamume, mke wa nani, mama wa nani. Njozi haimlazimishi. Leonor Fini, mchoraji aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1907, alivalishwa nguo za kiume na mama yake utotoni ili baba asimtambue na kumwiba. Alipokua akachora wanawake wenye mwili wa simba, wamekaa macho, huku wanaume wamelala pembeni, laini, wakilindwa. Hajabadilisha viungo vingi. Amebadilisha tu nani anamtazama nani, na hilo peke yake linatosha kuipindua picha nzima.

Leonora Carrington, mchoraji Mwingereza aliyehamia Ufaransa, alijichora mnamo 1937–38 akiwa na suruali ya kupandia farasi na nywele zilizotimka, mbele yake fisi jike mwenye matiti. Mtazamaji wa kwetu ataona zaidi ya walivyoona watazamaji wa Paris, maana huku fisi hatembei peke yake, anatembea na habari za uchawi. Mwanamke anayekaa uso kwa uso na fisi bila hofu huwa ameshapewa jina mtaani.

Karibu zaidi na sisi yupo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, anayeunganisha vipande vya magazeti ya mitindo, vielelezo vya kitabibu, wanyama na vyuma mpaka atokee mwanamke asiyeweza kupimwa kwa urembo wa dukani. Mwaka 2014 alifanya maonyesho London akayaita kwa Kiswahili, Nguva na Nyoka. Nguva ni chaguo zuri mno: wavuvi wanamjua kama mnyama wa baharini anayenyonyesha, hadithi zinamjua kama mwanamke anayewaita wanaume waingie baharini. Si samaki kamili, si mtu kamili, na hakuna anayemdai achague.

Kwa Dar, jambo hili lina uzito wake. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu maisha kwa kile kinachoitwa kwenda kinyume cha maumbile, na si kila mtu anaweza kusema alivyo waziwazi. Lakini pwani imezoea fumbo. Mwanamke akivaa kanga yenye maneno ya kumchoma jirani, akiulizwa anasema ameipenda rangi. Turubai nayo inafanya kazi hiyo. Mwenye kujiona ndani yake atajiona, na aliyekuja kununua picha ya kuning'iniza sebuleni ataondoka nayo ameridhika. Akiulizwa, mchoraji atajibu amechora nguva. Na kweli, amechora nguva.