Raia wa Belarus na kazi halali ugenini: soma jina la mwajiri kabla ya mshahara

Mtu ana viza safi kwenye pasipoti, anaamka alfajiri kwenda kazini, mshahara anaupata, na bado sheria inamhesabu kuwa anafanya kazi kinyume. Sisi tunaotoa ushauri wa kisheria kwa wafanyakazi wahamiaji tunakutana na mtu wa namna hii mara nyingi kuliko yule aliyevuka mpaka kwa njia za panya. Kwa raia wa Belarus chanzo mara nyingi ni hiki: karatasi iliyompa haki ya kufanya kazi inamtaja mwajiri fulani, naye yuko kwa mwingine.

Belarus ina watu wapatao milioni 9. Mashariki imepakana na Urusi, kusini na Ukraine, magharibi na kaskazini na Poland, Lithuania na Latvia. Anayetoka kwenda kutafuta kazi anakabiliwa na njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya mashariki ndiyo nyepesi. Mkataba wa Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia ulitiwa saini Astana tarehe 29 Mei 2014 na ukaanza kutumika 1 Januari 2015. Wanachama wake ni Urusi, Belarus, Kazakhstan, Armenia na Kirigizistani. Kwa ibara ya 97 ya mkataba huo, raia wa nchi moja huajiriwa katika nchi nyingine bila kuomba kibali cha kazi, na vyeti vyake vya elimu hutambuliwa bila utaratibu maalumu, isipokuwa kwa kazi za ualimu, sheria, tiba na famasia. Ibara ya 73 inampa kiwango cha kodi ya mapato sawa na cha mkaazi tangu siku yake ya kwanza kazini. Mtu wa Tajikistan au Uzbekistan anayefanya kazi Moscow hulazimika kulipia kibali chake mwezi hadi mwezi. Mbelarusi hadaiwi kitu hicho. Zaidi ya hapo, Urusi na Belarus zina makubaliano yao wenyewe ya tarehe 24 Januari 2006, yanayogusa matibabu, hifadhi ya jamii na uhuru wa kwenda na kurudi. Mbelarusi anaweza kukaa Urusi siku 90 kabla ya kutakiwa kujiandikisha makazi.

Wepesi huo una ubaya wake. Kwa kuwa hakuna kibali cha kuomba, hakuna ofisi yoyote inayouona mkataba kabla kazi haijaanza. Vikundi vya mafundi huenda kujenga kwa makubaliano ya mdomo na msimamizi, na mshahara ukichelewa hakuna karatasi ya kupeleka mahakamani. Haki zote nilizozitaja hapo juu zinasimama juu ya mkataba wa maandishi. Bila mkataba, miaka ya jasho haionekani popote siku mtu anapodai pensheni.

Kabla ya kwenda magharibi, tuangalie sheria ya Belarus yenyewe, maana wengi huiruka. Sheria kuhusu uhamaji wa kazi wa nje ni ya tarehe 30 Desemba 2010. Kampuni inayowatafutia raia kazi nje ya nchi lazima iwe na leseni, na anayesimamia leseni hizo ni Wizara ya Mambo ya Ndani, wala si Wizara ya Kazi. Sababu yake inaeleweka. Miaka ya 1990 na 2000 matangazo ya kazi za uhudumu na uchezaji ng'ambo yalitumika kuwanasa wasichana na kuwauza, na hatua za kupambana na biashara hiyo ya binadamu zilitiwa nguvu na amri ya rais ya tarehe 9 Machi 2005. Kanuni ya adhabu nayo ina kifungu cha 187, kinachomwadhibu anayewapeleka watu kazini nje kinyume cha sheria wakaishia kutumikishwa.

Orodha ya kampuni zenye leseni hutolewa hadharani na Wizara ya Mambo ya Ndani. Kuiangalia hakugharimu kitu. Mkataba nao lazima uwe wa maandishi, katika lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, ukionyesha kazi, malipo, saa, mapumziko, matibabu na malazi. Wakala anayekwambia mkataba utausaini ukishafika ameanza kukudanganya pale pale. Jihadhari pia na wale wanaojiita washauri wa viza, au wauzaji wa mialiko. Hao hawana leseni ya ajira, na wanajua kwa nini hawakuiomba: mambo yakiharibika, watasema wao walisaidia kujaza fomu tu.

Si lazima kupitia wakala. Mtu anaweza kutafuta mwajiri mwenyewe, na hilo ni halali kabisa. Ila sasa kazi yote ya uchunguzi inabaki mikononi mwake.

Sasa Poland. Huko ndiko Wabelarusi wengi wanakoelekea wakienda upande wa magharibi, hasa baada ya uchaguzi wa rais wa Belarus wa tarehe 9 Agosti 2020 na kamatakamata iliyofuata. Walioandikishwa kwenye mfuko wa bima ya jamii wa Poland, ZUS, ni zaidi ya 120,000 katika miaka ya karibuni, na miongoni mwa wageni wanazidiwa na Waukraine tu. Wako kwenye malori, viwandani, maghalani, mahospitalini na kwenye kampuni za programu za kompyuta zilizohama kutoka Minsk.

Kwa raia wa nchi chache, Belarus ikiwemo, Poland ina utaratibu wa mkato. Mwajiri hapati kibali kamili cha kazi. Anasajili tamko kwenye ofisi ya ajira ya wilaya, tamko ambalo kwa Kipolandi huitwa oświadczenie. Linaweza kudumu hadi miezi 24. Ndani yake zinaandikwa kampuni, kazi yenyewe, malipo, aina ya mkataba na muda. Mfanyakazi hulitumia kuombea viza ya kitaifa, kisha anaingia.

Hapa ndipo pa kusimama na kusoma polepole. Tamko lile halisemi kwamba fulani anaruhusiwa kufanya kazi Poland. Linasema anaruhusiwa kufanya kazi ile, kwa kampuni ile, kwa malipo yasiyopungua yale. Akifika Warszawa akakuta kazi nzuri zaidi kwa jirani, jirani huyo anapaswa kusajili tamko lake mwenyewe au kuomba kibali kabla ya zamu ya kwanza. Akianza bila hilo, ni kazi haramu, hata kama viza ina miezi kumi mbele, na matokeo yake yanaweza kuwa faini na amri ya kuondoka nchini. Kuna matamko yanayosajiliwa na kampuni zisizo na kazi yoyote ya kutoa. Mtu ameuziwa karatasi ya kuvukia mpaka, basi. Anapofika, simu haipokelewi. Yeye anadhani ana kibali, ilhali alicho nacho ni jina la kampuni tupu.

Kwa hiyo tafuta jina la kampuni kwenye daftari la makampuni la Poland, KRS, ambalo liko wazi mtandaoni bila malipo. Ikiwa ni wakala wa ajira, itafute pia kwenye daftari la mawakala, KRAZ. Sheria ya Poland hairuhusu wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumpatia kazi. Gharama halisi za safari, viza, uchunguzi wa afya au tafsiri ni jambo jingine, nazo zielezwe kwa maandishi. Kama aliyesaini mkataba ni kampuni moja na anayekupangia zamu ni wa kampuni nyingine, uliza kama wa kwanza ni wakala aliyesajiliwa wa kukodisha wafanyakazi, na kama kampuni unakofanyia kazi imetajwa kwenye karatasi zako.

Tazama pia aina ya mkataba. Ule wa ajira kamili, umowa o pracę, unakupa likizo ya kulipwa, malipo ya saa za ziada na kinga dhidi ya kufukuzwa ovyo. Ule wa kutoa huduma, umowa zlecenie, ni halali lakini hauna likizo hiyo kwa lazima, na ndio wageni wengi wanaopewa. Ukianza kazi, mwajiri ana siku 7 za kukuandikisha ZUS. Usisubiri ugonjwa ndipo ujue hakufanya hivyo. Ingia kwenye akaunti yako ya ZUS mtandaoni au nenda ofisini kwao uulize.

Msomaji wa Nairobi, Mwanza au Kampala aliyefika hapa ana sababu yake ya kulikumbuka tamko hili. Halimhusu. Raia wa Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji kibali kamili cha kazi kwa Poland, na wakala anayemwonyesha oświadczenie yenye jina lake kama karatasi ya kumfikisha kazini anamwonyesha kitu kisichofaa kwa uraia wake. Nimeona niliseme wazi kwa sababu watu wa mataifa haya hukutana kwenye ghala moja, wakaulizana walipitaje, kisha mmoja akampigia ndugu yake nyumbani akamweleza njia ambayo ni ya mwenzake.

Upo mlango mwingine unaowahusu Wabelarusi wenye asili ya Kipolandi, nao si wachache mkoani Grodno. Hiyo ni Karta Polaka, iliyowekwa kwa sheria ya tarehe 7 Septemba 2007. Mwenye kadi hii hufanya kazi Poland bila kibali wala tamko. Lakini nyumbani si kitu cha kuficha bila hatari: marekebisho ya sheria ya uraia ya Belarus yaliyoanza kutumika Julai 2023 yanamtaka raia kutoa taarifa anapopata uraia wa nchi nyingine, kibali cha ukaazi au hati nyingine inayompa upendeleo huko.

Lithuania imewachukua madereva wengi wa malori kutoka Belarus. Tangu 2023 ina sheria ya vikwazo inayowagusa Warusi na Wabelarusi, waombaji hujaza dodoso kuhusu historia na misimamo yao, na baadhi wamepoteza vibali kwa hoja ya usalama wa taifa. Dodoso hilo lijazwe kwa ukweli, pamoja na utumishi wa jeshini au serikalini. Ujerumani inamfaa zaidi mwenye taaluma: Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya kwa mwenye shahada na mshahara unaofikia kiwango, na tangu 1 Juni 2024 Chancenkarte kwa anayetaka kwenda kutafuta kazi akiwa huko huko. Muuguzi au daktari lazima kwanza cheti chake kitambuliwe, na hilo huchukua miezi mingi.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni la pasipoti. Tarehe 4 Septemba 2023 ilitolewa amri ya rais namba 278, na tangu hapo balozi za Belarus hazitoi wala kuongeza muda wa pasipoti kwa raia walioko nje. Anayetaka pasipoti mpya arudi Belarus. Kwa wengi hilo ni usumbufu na nauli. Kwa aliyeshiriki maandamano ya 2020 ya kupinga matokeo ya uchaguzi ule, au aliyetuma hata mchango mdogo mtandaoni kuwaunga mkono waandamanaji, kurudi kunaweza kumaanisha kukamatwa mpakani. Na kibali cha ukaazi kinahitaji hati ya kusafiria iliyo hai, kwa hiyo mfanyakazi asiye na kosa lolote anaweza kupoteza kazi halali kwa sababu ya tarehe iliyopigwa muhuri miaka kumi iliyopita. Poland na Lithuania hutoa hati za kusafiria za wageni kwa watu wa hali hii. Uliza masharti ya hati hiyo pasipoti yako ikiwa bado na miezi mingi. Na anayejiandaa kutoka sasa, ambaye hajapata tatizo na serikali, abadilishe pasipoti kabla hajaondoka hata kama ya zamani ina miaka mitatu ndani yake. Amri hiyo hiyo ilizizuia balozi kushughulikia hati za uwakilishi za kuuza nyumba au gari, basi hayo pia yamalizwe kabla ya safari.

Nyumbani kuna madeni mengine. Mhitimu aliyesomeshwa na serikali hupangiwa kazi, kwa wa chuo kikuu kawaida miaka miwili, na akiondoka kabla hudaiwa gharama za masomo. Kuna pia amri namba 1 ya tarehe 25 Januari 2018, iliyorithi ile ya 2015 iliyoamsha maandamano ya mwanzoni mwa 2017: mtu mzima asiyehesabiwa kuwa kazini hulipia huduma kama maji ya moto na joto la nyumba kwa bei kamili. Aliyeajiriwa nje apeleke uthibitisho wa ajira yake ili jina lake litoke kwenye orodha. Familia nyingi hugundua jambo hili bili inapofika kwa mama aliyebaki kwenye nyumba.

Na kama mwajiri hakulipa? Watu wengi waliofanya kazi bila karatasi huamini hawana haki ya kudai. Si kweli. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2009/52 linamtaka mwajiri amlipe mgeni aliyemtumikisha kinyume cha sheria, na mpaka ithibitishwe vinginevyo, ajira hiyo inachukuliwa kuwa imedumu angalau miezi mitatu. Poland iliiingiza kanuni hii katika sheria yake mwaka 2012. Malalamiko ya mishahara na usalama kazini hupelekwa kwa ukaguzi wa kazi wa Poland, PIP, na madai ya fedha kwa mahakama ya kazi. Ila fahamu kwamba mkaguzi wa PIP huangalia pia uhalali wa ajira ya mgeni. Asiye na karatasi aonane kwanza na mwanasheria au shirika la msaada wa wahamiaji kabla ya kuandika barua.

Ushahidi ndio unaoamua. Andika kila siku saa uliyoingia na saa uliyotoka, katika daftari lako, si kwenye mfumo wa mwajiri. Hifadhi jumbe za simu za msimamizi anapokupangia zamu, picha ya lango la kiwanda, stakabadhi za benki, majina ya waliofanya kazi nawe. Nakala za pasipoti, viza, tamko na mkataba mtumie mtu wa nyumbani unayemwamini. Pasipoti yenyewe kaa nayo. Mwajiri akitaka kuinakili mpe anakili mbele yako, kisha irudishe mfukoni.