MS sio miguu tu

Huku Moshi wengi tunaamini mtu mwenye maltipo sklerosisi, ile MS, akiwa bado anatembea basi yuko poa. Sio hivyo jamani. Kwenye ugonjwa huu kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, ndo maana mateso mengi hayaonekani: uchovu mzito, maumivu, usingizi mbovu, sonona. Unamkuta dada kakalia ndoo jikoni, vyombo nusu havijaoshwa, na wala sio uvivu, joto la Februari nalo linamzidishia dalili kwa muda. Mazoezi mepesi yanasaidia, kutibu sonona kunasaidia sana. Kuhakiki, muulize daktari wa neva, linganisha vyanzo viwili vitatu, na anayekuuzia dawa ya kuponya kabisa mtilie shaka, maana zilizopo ni za kupunguza mashambulizi, yaani vipindi vya dalili kuzidi ghafla.