Kompyuta Isiyo na Intaneti Nayo Hushikwa na Virusi

Juzi niliwekewa mezani kompyuta ambayo kila folda ilikuwa imeota kishale pembeni, na kabla sijauliza lolote mwenyewe alikwisha kujitetea: "Haiwezi kuwa virusi, fundi, nyumbani hatuna intaneti." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, nami naiandikia jibu ili mteja ajaye asome badala ya kubishana nami.

Virusi vimezitangulia tovuti. Kirusi cha Brain, kilichotoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilisafiri kwa disketi, mkono kwa mkono. Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliharibu mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran, ambayo haikuunganishwa na intaneti. Ikiwa huko kilipenya, kompyuta ya sebuleni inayochomekwa flashi ya kila mgeni aliyetoka kuchapisha barua steshenari italindwa na nini?

Sasa hicho kishale, maana hapa ndipo uvumilivu huniishia. Kirusi cha namna hii kwa kawaida hakifuti nyaraka zako. Huzificha folda halisi, hasa zile za flashi, kwa kuzipa sifa za faili za mfumo, kisha huweka badala yake njia za mkato (shortcut) zenye majina yaleyale, na kishale ndiyo alama yake. Ukibofya mojawapo, kwanza huamsha kirusi, halafu hukufungulia folda yako kama kawaida, nawe huridhika kwamba hakuna lililotokea. Wengi huiformati flashi kwa hofu na kupoteza kazi ya miaka ambayo ilikuwemo humohumo. Safisha kwanza kompyuta, kwa kuwa ikibaki na kirusi itaiambukiza flashi tena mara utakapoichomeka. Kisha, ikiwa flashi imepewa herufi E, fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zitajitokeza.

Kuweka antivairasi mbili ni kuzigombanisha tu. Defender iliyomo ndani ya Windows huwatosha watu wengi wa nyumbani, mradi ipate orodha mpya za virusi, na kompyuta isiyo na intaneti haizipati yenyewe. Faili ya orodha hizo, mpam-fe.exe, hupakuliwa kutoka Microsoft kwa kompyuta nyingine na kuletwa kwa flashi. Ndiyo, flashi hiyohiyo ninayoilaumu.

Nakiri kwamba wateja wangu wana nusu ya ukweli. Programu ya kijasusi inayonakili nywila huhitaji njia ya kutolea ilichokusanya, na bila mtandao hukaa na mzigo wake. Lakini ni nyumba ngapi leo ambazo kijana hawashi hotspoti ya simu dakika kumi ili atume kazi ya chuo? Dakika hizo zinaitosha.

Jambo ambalo sipendi kulisema mbele ya mteja ni kwamba hata mimi, baada ya kuskani mara mbili na kuambiwa hakuna kitu, siwezi kuapa kwamba mashine ni safi, kwa sababu skana huona kinachojulikana au kinachofanana nacho. Kwa hiyo kompyuta inayotumika kuingia kwenye akaunti ya benki huwa naitolea nyaraka, nafuta diski yote na kupakia Windows upya, ingawa mwenyewe hulalamika kwamba namwongezea gharama.