Mwanasheria aliyeandika hadithi ya vampaya

Vampaya wa Ulaya si mumiani wa simulizi zetu. Mumiani ni mtu hai anayewinda wengine ili damu yao ikatengenezwe dawa. Vampaya ni maiti: hutoka kaburini usiku, na mara nyingi humwendea yule aliyempenda. Hapo ndipo waandishi wa karne ya 19 walipopata upenyo wa kuandika mapenzi ya jinsia moja bila kuyataja.

Karl Heinrich Ulrichs, mwanasheria mzaliwa wa Aurich katika ufalme wa Hannover (leo ni sehemu ya Ujerumani), hakuhitaji upenyo. Kati ya 1864 na 1879 alichapisha vijitabu 12 akidai kuwa mwanamume kumpenda mwanamume ni maumbile, kwa hiyo kumfunga ni dhuluma. Vya mwanzo vilibeba jina la bandia, Numa Numantius. Kisha, tarehe 29 Agosti 1867, alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria mjini Munich kutaka sheria za kuwafunga wanaume hao zifutwe. Ukumbi ukalipuka kwa kelele, mwenyekiti akamtaka aendelee kwa Kilatini, naye akashuka jukwaani. Kinachoshangaza ni kwamba Bavaria, ambako mji huo upo, ilishafuta adhabu hiyo tangu 1813. Tishio lilikuwa Prussia, dola nyingine ya Kijerumani, iliyoimeza Hannover mwaka 1866. Sheria yake ndiyo iliyozaa Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani nzima, kilichoadhibu mapenzi ya wanaume kwa wanaume na kufutwa kabisa mwaka 1994.

Mwaka 1885 Ulrichs alitoa kitabu cha hadithi za mabaharia. Mojawapo, “Manor”, imewekwa katika visiwa vya Faroe. Baharia Manor anamwokoa Har chombo kinapovunjika, wanashibana, kisha Manor mwenyewe anakufa maji. Anaanza kumjia Har usiku na kumnyonya damu. Wanakijiji wanamchoma maiti kigingi ili asitoke tena kaburini. Anajinasua, anarudi akiwa na jeraha. Wanatafuta kigingi kingine. Sasa Manor haji tena, na Har, badala ya kupona, anadhoofika. Akiwa kufani anaomba azikwe pamoja na Manor, na kigingi king'olewe. Angalia kinachoua hapa: si meno.

Linganisha na “Carmilla” ya Sheridan Le Fanu (1872), ambamo vampaya mwanamke anampenda msichana Laura. Waliokishika kigingi ni wazee wa kiume na wakubwa wa serikali. Maiti inachomwa kigingi, inakatwa kichwa, inateketezwa. Utaratibu umerejea. Hata hivyo Laura anafunga masimulizi yake akisema bado hudhani anasikia hatua za Carmilla mlangoni. Mwandishi angeweza kuufuta mstari huo, akauacha.

Wasomaji wengi hukosea kwa kuichukulia kila damu kuwa fumbo la mapenzi ya jinsia moja. Hapana. Chunguza nani anamwendea nani, nani anatamani mgeni arudi, na kigingi kimo mkononi mwa nani. Kosa jingine ni kumvisha Ulrichs istilahi za leo. Yeye alitumia “Urning”, yaani mwanamume anayempenda mwanamume, neno alilolichimbua kwa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki; “homoseksuali” lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, na aliyelibuni ni Karl Maria Kertbeny, aliyekuwa akiandikiana naye barua.

Ulrichs alifariki L'Aquila, Italia, Julai 1895, wiki chache baada ya mahakama ya London kumfunga mwandishi Oscar Wilde miaka miwili na kazi ngumu kwa uhusiano wake na wanaume. Mei 1897 mambo matatu yalifuatana ndani ya siku 12: daktari Magnus Hirschfeld alianzisha mjini Berlin kamati ya kupinga Kifungu cha 175, Wilde akatoka gerezani, na “Dracula” ya Bram Stoker ikaingia madukani.

Ukitaka kuzisoma, anza na “Manor”, ambayo ni fupi. “Carmilla” ina sura 16. “Dracula” ina 27, lakini kwa mada hii nenda kwanza sura ya 3, pale vampaya Dracula anapowafukuza wanawake watatu waliomwinamia Jonathan Harker na kutamka kuwa mtu huyo ni wake. Baada ya hapo, Uingereza, meno yake huwagusa wanawake tu.