Feni haijafa: dhana potofu za kujitengenezea vifaa vya umeme

Tanga mwezi wa pili bila feni ni adhabu. Yangu ya mezani ilipoanza kujivuta mpaka uisukume kwa kidole, fundi mmoja wa Ngamiani aliitupia jicho tu: "Mota imeungua, nunua nyingine." Nikarudi nayo Makorora, wiki nzima najipepea kwa kipepeo cha ukili.

"Feni ikizubaa, mota imekufa." Mara nyingi siyo. Ichomoe kwenye umeme, kisha zungusha panga kwa mkono. Likiwa zito, bushi, yaani kile kipete kinachoshika mhimili wa mota, imekauka. Idondoshee mafuta ya cherehani matone mawili matatu. Likizunguka laini, lakini ukiwasha feni inanguruma tu, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kile kidude cheusi chenye nyaya mbili. Ndicho kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, na kadiri miaka inavyokwenda nguvu yake hupungua. Changu kilikuwa kimeandikwa 1.5 µF (maikrofaradi, kipimo cha umeme kinachoweza kuhifadhi), 400 V (volti). Kipya nilikipata kwa hela ya chai na chapati. Nyaya zake hazina chanya wala hasi, kwa hiyo hakuna kukosea upande.

Muuza duka alitaka kunipa cha 2.5, "kina nguvu zaidi". Nikakataa. Namba ya µF ifuate ileile, ukiizidisha mota inachemka. Volti ndizo zinazoweza kuzidi, ila zisipungue.

"Simu ikiingia maji, ifukie kwenye mchele." Mchele upikwe wali. Mwaka 2024 Apple yenyewe iliwaonya wateja wake kuwa chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Iliyodumbukia baharini Raskazone ina balaa zaidi: maji yakikauka, chumvi inabaki kwenye saketi na kuendelea kula shaba. Izime, usiichaji, ifunguliwe mapema, isuguliwe taratibu kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi.

"Vifaa vya kazi ni ghali." Bisibisi ya nyota, mswaki mkuukuu na mita ya kawaida ya kupimia umeme vinakufikisha mbali. Hata mita si lazima kila nyumba iwe nayo. Mwaka 2009 kule Amsterdam, Martine Postma alianzisha Repair Café: watu wanakutana na vitu vyao vibovu, wanatengeneza pamoja na kutumia vifaa vya pamoja. Kwetu baraza zipo tangu enzi za mababu. Tuchangishane mita moja ya mtaa, basi.

"Ukifungua tu, garantii imekwisha." Redio ya mtumba ilikuwa na garantii lini? Hata Marekani, mwaka 2018 serikali iliyaonya makampuni yaliyokuwa yakiwatisha wateja hivyo.

"Ukithubutu, kila kitu kinafunguka." Dhana hii inaua. Maikrowevu na TV ya chogo hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Vifaa hivyo mwachie fundi. Betri iliyovimba usiitoboe. Na fyuzi ya plagi ikikatika usiifunge waya wala karatasi ya sigara, weka nyingine ya kiwango kilekile. Feni ya mezani inatosha ya ampia 3. Ukishaweka waya, siku hitilafu ikitokea fyuzi haitakatika, zitaungua nyaya.